Kushoto kwa Kaka, Kulia kwa Dada

Mwenye njaa akitembea mjini huona mkate, mwenye mapenzi huona mpenzi, na Asali, kila alipotupa jicho, aliona mlango ulioachwa wazi. Ijumaa hiyo mlango wenyewe ulikuwa raba.

Raba moja tu. Ilisimama peke yake kwenye dirisha la duka, rangi ya chungwa iliyokolea mpaka karibu ipige kelele, ulimi wa zambarau, mstari wa kijani ubavuni kama radi iliyopotea njia, na soli nyeupe nene, bapa kama meza. Raba ya kuchezea ubao wa magurudumu, haina haya wala kificho. Chini yake kibao kilisema: KUSHOTO TU. Asali akageuka. Ng'ambo ya barabara, duka jingine, dirisha jingine, raba ileile, na kibao chake: KULIA TU.

Wenzake walimwita Asali kwa sababu ya ulimi wake. Waliowahi kuuonja ulimi huo walikubali kwamba jina limemkaa vizuri, maana utamu ulikuwepo, na nyuki pia.

"Hii nayo ni nini?" alimuuliza fundi saa aliyekuwa na meza yake pembeni.

Fundi hakuinua macho kwenye saa aliyoifungua. "Kaka na dada, tumbo moja. Baba yao aliwaachia maduka haya mawili na neno moja: gaweni kila kitu sawasawa. Ukaja mzigo wa raba, jozi sitini. Kaka akahofia dada atabeba namba zinazouzika, dada akahofia hivyohivyo. Basi wakagawana kila jozi. Kushoto kwa kaka, kulia kwa dada. Mwaka wa pili huu, kila mmoja anamsubiri mwenzake aje apige magoti."

"Na hakuna aliyenunua?"

"Alikuja mzee mmoja mwenye mguu mmoja. Akasema rangi ile itamfanya aonekane anaringa."

Siku nyingine Asali angecheka akapita zake. Lakini siku hiyo alikuwa na ahadi shingoni. Mpwa wake, binti wa dada yake, aliyeitwa Kereng'ende kwa jinsi alivyoruka na ubao wake, alikuwa na mashindano kesho yake asubuhi, na waandaaji walishasema mwenye kiatu kilichotoboka hapandi. Raba ya Kereng'ende ilikuwa imetoboka kwenye kidole kidogo na kufungwa utepe wa gundi mara tatu. Asali alimwahidi raba mpya mwezi uliopita. Kisha akamwahidi tena. Asubuhi hiyo, binti alimwambia kwa upole:

"Mjomba, kama huwezi, sema tu. Sitakasirika."

Hakuna neno linalochoma kama "sitakasirika" likitoka kwa mtoto aliyekwisha kuzoea.

"Naleta leo! Namba thelathini na nane. Jioni utakuwa unaruka nazo."

"Na risiti."

"Risiti ya nini, wewe mtoto?"

"Ule mkoba ulionipa, mwenyewe alikuja akauvua mgongoni mwangu mbele ya darasa zima. Bila risiti sivai, mjomba. Heri nisishindane."

Sasa Asali alisimama katikati ya maduka mawili, akihisi vidole vya akili vikimwasha. Jozi nzima hakuna muuzaji atakayempa mtu asiyemjua. Lakini kiatu kimoja? Nani aliwahi kukimbia na kiatu kimoja?

Akafunga kifungo cha juu cha koti, akatoa mfukoni tepu ya fundi cherehani na kioo cha kukuzia vitu, akaingia kwa Kaka bila kusalimu, kama wanavyoingia watu wa serikali.

"Usishtuke," alisema, akiipima raba ya dirishani. "Mimi ni Mkaguzi wa Mtindo, Ukaaji na Starehe. Natoka kampuni inayotengeneza hizi. Inataka kuzinunua tena, mzigo wote."

Kaka, mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akasimama. "Wote?"

"Wote, ila kutoka kwa mtu mmoja tu. Nikimpa huyo hati yangu, mwenzake wa ng'ambo atabaki na viatu vya kufugia kuku. Itabidi amuuzie kwa bei ya maganda."

Macho ya Kaka yakang'aa. Tamaa ilimpanda polepole, ikitokea tumboni, mpaka ikafika usoni na kukaa kwenye kiti. "Kwa hiyo dada yangu atakuja kuniomba?"

"Kwa magoti."

"Magoti yote mawili?"

"Ataazima na ya jirani."

Kaka alicheka mpaka miwani ikacheza. Akafungua sanduku mwenyewe, akampa raba ya kushoto namba thelathini na nane. "Ya ukaguzi, Mkaguzi. Chukua."

"Na karatasi kidogo ya risiti, kwa taratibu za ofisi?"

"Risiti kwangu ni ya anayelipa," alisema Kaka, akirudi ghafla kuwa mfanyabiashara.

Asali akaitikia kwa kichwa. Risiti ataitafutia njia mbele ya safari. Akaificha raba ndani ya koti, akavuka barabara akiwa na titi moja la rangi ya chungwa, akamkuta Dada ameketi nyuma ya meza, kidevu kiganjani, kama mtu anayesubiri mchezo uanze.

Alimmwagia maneno yaleyale. Dada alisikiliza mpaka mwisho, hakukatiza hata mara moja, jambo ambalo lingemtia hofu mjanja aliyekuwa na muda wa kuogopa.

"Umesema unakagua starehe," alisema. "Starehe inakaguliwa kwa jicho au kwa mguu?"

"Kwa... vyote, dada yangu."

"Basi vaa. Namba gani?"

Mguu wa Asali ulikuwa wa arobaini na tatu, tena siku ya baridi. Lakini aliyoijia ilikuwa nyingine.

"Thelathini na nane," alisema.

Dada akautazama mguu. Akautazama uso. Akaleta raba ya kulia namba thelathini na nane, pamoja na kijiko cha kuvalia viatu. Kilichofuata hakifai kusimuliwa mbele ya watu wenye miguu dhaifu. Asali alisukuma, akapinda, akasimama, akaketi, akakunja vidole ambavyo havikuwahi kukunjika tangu azaliwe. Mwishowe kisigino kikaingia kwa mlio kama wa kizibo.

"Kinakukaa?" Dada aliuliza.

"Kinanikumbatia."

"Mbona machozi?"

"Mtindo umenigusa."

"Vizuri sana. Ila humu ndani mwanga hautoshi kwa kazi nyeti kama yako." Akabeba kiti, akakiweka nje kando ya barabara, akamshika Asali mkono kama bibi harusi. "Kagua hapa. Kagua kwa sauti, nisikie vizuri. Ukinitosheleza, kiatu ni chako."

Ilikuwa saa tisa alasiri, na vijana walikuwa wakipita makundi kwa makundi, mbao zao kwapani, wakienda uwanjani kufanya mazoezi ya mwisho. Walipomwona mtu mzima aliyevaa koti rasmi, mguu mmoja una kiatu cheusi na mwingine unawaka moto, walisimama.

"Mzee, umepatwa na nini mguuni?" mmoja aliuliza, wengine wakacheka.

"Sogea uone, kijana," alisema Asali, maana ulimi wake ulikuwa na tabia ya kuanza kazi kabla ya yeye kuamua. "Unacheka rangi? Ukianguka na hii, watu hawatasema umeanguka. Watasema umetua! Haya, tazama soli. Bapa. Soli yenye mikunjo inakudanganya, haikuambii ubao uko wapi. Hii inaushika ubao kama mama aliyemshika mtoto sokoni. Na hapa, pembeni mwa kidole kidogo, mkiruka, mguu mnauburuta wapi?"

"Hapohapo!"

"Kwenye ule msasa wa ubao unaokula viatu. Mwezi mmoja, shimo. Unafunga utepe wa gundi, unasema ni mtindo, usiku unamuuliza Mungu viatu vinatoka wapi." Vijana wawili wakaficha miguu yao. "Hapa wameweka ngozi mara mbili na mishono mitatu. Ulimi huu mnene unaona? Ubao ukikugeukia ukakupiga juu ya mguu, hulii. Na vaeni namba inayobana kidogo mbele. Kidogo! Kiatu kikipwaya, mguu unaruka na kiatu kinabaki kuaga."

Akanyamaza kuvuta pumzi, na hapo moyo wake ukashtuka. Kwa dakika tano nzima alikuwa hajasema uongo. Kila neno lilikuwa la Kereng'ende, alilokuwa akimsimulia jioni baada ya jioni, wakati yeye amejifanya anasoma gazeti.

"Bei gani, mama?" kijana wa kwanza aliuliza.

"Kulia hapa," Dada alipaza sauti, "kushoto ng'ambo!"

Dakika chache baadaye barabara nzima ilijaa vijana wanaoruka kwa mguu mmoja. Waliingia kwa Dada, wakatoka na rangi ya chungwa mguu wa kulia, wakavuka wakirukaruka kama vyura kwenda kwa Kaka. Dereva mmoja alisimamisha gari akauliza kama kuna ugonjwa. Kaka, ambaye hakuelewa lolote ila kwamba mkono wake haupumziki, alifungua sanduku baada ya sanduku huku miwani imemkaa kichwani. Na kila umati ulipopungua, Dada alimgusa Asali begani. "Bado sijatosheka, Mkaguzi." Naye akaanza upya, mguu umekufa ganzi, ulimi uko hai.

Jua lilipoanza kulegea, masanduku yalikwisha. Kaka akavuka barabara. Hakuwa ameivuka kwa mwaka mmoja na zaidi, ikabidi atazame pande zote mbili mara tatu.

"Mkaguzi! Hati yangu iko wapi?"

"Mkaguzi gani?" Dada alisema. "Huyu si alikuibia kiatu?"

"Aliniibia? Mimi nilimpa mwenyewe!"

"Ndiyo maana baba alikuwa anakuficha wageni wakija."

Kaka akainua kidole amkaripie. Kisha kitu kikamtikisa tumbo, na Dada naye akageuza uso, lakini mabega yalimsaliti. Wakacheka wakiwa wameshikilia kiti kimoja, na Asali juu yake.

"Kaka yangu, dada yangu," alisema Asali kwa sauti ndogo, "hakitoki."

Kaka akamkumbatia kwa nyuma, Dada akashika kisigino. "Moja, mbili, vuta!" Ilikuwa kazi ya kwanza waliyofanya pamoja tangu msiba wa baba yao. Raba iliruka, Dada akakaa chini, na mguu wa Asali ukabaki hewani ukishangaa.

"Nilikuona ukitoka kwake koti limevimba," Dada alimwambia, akijipangusa vumbi. "Hili nalo ni dirisha, si picha. Ningeweza kupiga kelele za mwizi. Nikajiambia, mdomo kama huu ukivunjwa ni hasara. Bora uuze kwanza."

Asali akahesabu upesi kichwani. Jozi hamsini na tisa ameuza, kwa mguu uliofungwa, na hakuna aliyemlipa. Yeye, aliyewahi kumkodishia mtu kivuli cha ukuta, ameingizwa mjini mchana kweupe na mwanamke aliyekaa kitako!

"Kiatu ni chako, nilisema," Dada akaendelea. "Ila nambie, cha nani? Maana chako sicho."

Asali alizitafuta hadithi zake nzuri. Alikuwa nazo nyingi. Hakuna hata moja iliyokuja.

"Cha mpwa wangu. Anashindana kesho," alisema. "Na hakivai bila risiti."

Dada akachukua kitabu chake cha risiti, akaandika, akapiga muhuri. Kaka, asiyekubali kuzidiwa, akavuka kwenda kuchukua cha kwake, akaandika kwa herufi kubwa zaidi, na akapiga muhuri mara mbili.

"Jumatatu saa mbili asubuhi," Dada alimwambia Asali alipokuwa akiondoka kwa kuchechemea. "Tuna malapa ya manjano yenye manyoya. Hakuna binadamu anayeyataka."

Nyumbani, Kereng'ende hakuzigusa raba. Alisoma karatasi kwanza. Moja: *Raba, kulia, 38. Imelipwa kwa kazi.* Ya pili: *RABA, KUSHOTO, 38. IMELIPWA KWA KAZI.* Akazisoma tena, akazigeuza nyuma.

"Kazi ya nani?"

"Yangu."

"Mjomba."

"Wallahi. Na usimwambie mtu, nina jina langu mtaani."

Binti akavaa, akafunga kamba, akaruka mara moja pale sebuleni hata vikombe vikalia kabatini. "Mjomba! Zinashika! Kama vile mtu aliniuliza kabla ya kuzishona!" Kisha akamwangalia. "Mbona unachechemea?"

"Nilikuwa nakagua ukaaji."

Kesho yake Kereng'ende alishika nafasi ya nne. Watatu waliomtangulia walikuwa na raba za rangi ya chungwa, na mmoja wao, alipomwona Asali jukwaani, alimpungia mkono na kupaza sauti, "Mzee, ulisema kweli!" Asali alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeambiwa.

Jumatatu, saa mbili kasoro robo, alikuwa barabarani pale, kavaa viatu vyake vya arobaini na tatu, akijiapiza kwamba amepita tu kuangalia kama kuna mlango ulioachwa wazi.

Ulikuwepo. Dada alikuwa ameuegemea, ameshika lapa la manjano.