Misa Ije Sebuleni Kwetu

Jumanne, 10 Juni 2025

Dada Lightness, tulikubaliana kila mmoja aandike likizo yake, kisha tubadilishane. Naahidi kuandika yote, hata yale ambayo ningependa usiyajue.

Jumamosi padri atasoma misa ya jumuiya nyumbani kwa mtu. Mwenyekiti wetu, Mama Ritha, amechagua kwake. Ana marumaru. Mama aliomba iwe kwetu, kwa sababu Bibi Penina hawezi tena kupanda ule mlima wa kanisani na tangu Pasaka hajasali misa. Mama Ritha akasema anamhurumia Bibi, tena sana, lakini sakafu yetu ni vumbi tupu, na kanzu ya padri si tambara la kudekia. Ritha alikuwa pembeni. Alicheka kwa pua.

Nimepata wazo.

Jumatano, 11 Juni

Baba yuko kreta na watalii hadi Jumapili. Nyuma ya banda kuna marumaru alizopewa kwenye lodge moja, masalio ya ujenzi. Anazitunza kwa ajili ya nyumba mpya. Nyumba mpya bado ni kamba na vigingi.

Nimechora sebule kwenye karatasi ya grafu. Nimezipanga zote kavu kwanza, kama inavyotakiwa, kuanzia katikati ya chumba. Katikati ya chumba yuko Bibi. Nikamwomba asogee kidogo. Akajibu kwamba kiti hicho kiliwekwa hapo na marehemu Babu, kwa hiyo kisogee chumba.

Nimehamisha katikati.

Mama alitazama, akasema, "Umeanza tena," kisha akaenda Endabash msibani. Hakukataza. Nikapita kwa Mama Ritha kumwambia sakafu itakuwa tayari. Akasema ataamini akiiona.

Ijumaa, 13 Juni

Bibi nimemhamishia kitandani kwa muda. Saruji nimeiweka nene, marumaru zisije zikacheza. Nimeufunga mlango ili vumbi na kuku wasiingie, nikapanga kutoka ukuta wa ndani hadi kizingitini. Mstari wa mwisho umekaa vizuri kabisa. Pimamaji haikulalamika.

Jioni Mama Ritha alichungulia dirishani. Akasema basi, misa ni kwenu, saa nne.

Bibi aliuliza kutoka chumbani kwake mbona mlango unaonekana mfupi. Nikamweleza kwamba chumba kikipendeza macho hudanganyika.

Jumamosi, 14 Juni

Mlango haufunguki, na mimi na Bibi tuko ndani. Unafungukia ndani, na sakafu imepanda. Mlango wa nyuma Baba ameuahidi tangu niko darasa la pili. Madirisha yana nondo.

Mama alirudi kutoka msibani, akasukuma kwa bega mara kadhaa. Kisha akapitisha nyundo kati ya nondo, niuvunje mstari wa mwisho. Bibi akaipokea, akaikalia. Akasema sakafu ya mjukuu wake haivunjwi na mtu.

Jumuiya nzima ikafika, na padri. Padri aliutazama mlango, akamtazama Bibi, akauliza meza iko wapi. Misa ikasomwa uani. Bibi alikaa dirishani, akaanzisha nyimbo zote, nyingine kabla ya wakati wake, akapokea komunyo kupitia nondo. Mama Ritha alipiga magoti kwenye vumbi na kitenge chake kipya. Nilitazama upande mwingine.

Baadaye Bibi alisema ni misa nzuri kuliko zote. Kanisani huwa anaona migongo tu.

Jumapili, 15 Juni

Baba amerudi. Ameukata mlango upande wa chini kwa msumeno. Kisha akaniuliza nimejifunza nini. Nikajibu kwamba mlango ulikuwa mrefu mno. Akaenda nyuma ya banda, akasimama pale palipokuwa na marumaru.

Padri alisema atarudi mwezi ujao. Kwa hiyo nimeanza chumba cha Bibi, awe na nafasi ya kuchagua. Bibi yuko ndani, anasimamia kazi. Mlango nimeufunga, vumbi lisiingie. Tatizo ni moja: marumaru zimeniishia kabla sijafika kizingitini. Dada Lightness, zile za baraza lenu hapo Oldeani, zile nene kabisa, mlibakiza? Nijibu kwa lori hilohilo la kahawa litakalokuletea daftari hili, maana saruji nimeshaikoroga.