Isale Mkononi, Kosa Limepotea

Wenzangu, leo sina pa kuuficha uso. Nimecheka na kuona aibu kwa wakati mmoja mpaka mbavu zinauma.

Wifi yangu, Mama Elia, alikuwa ameninunia wiki tatu. Jumamosi mjukuu wangu anapata kipaimara, na wifi kaapa hakanyagi kwangu. Sherehe bila wifi! Marangu nzima ingenisema. Halafu mbege, pombe yetu ya ndizi, nani anaipika kama yeye?

Basi asubuhi nikakata jani la isale. Nyie wa mbali mjue: Mchagga akikuletea isale kuomba msamaha, humkatalii. Ila ataje kosa lake.

Nikashika njia ya migombani, kosa nikilirudiarudia kichwani. Nikasalimiana na watu wanne. Nikarudi nyumbani kuangalia kama nimefunga mlango (nilikuwa nimefunga). Nikaanza safari upya.

Wifi nikamkuta barazani. Ng'ambo ya uzio jirani yake, Mzee Aminieli, alikuwa anakatia ng'ombe majani. Hao wawili hawasalimiani miaka mitatu sasa.

Wifi akalipokea jani. "Haya, sema. Kosa gani?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu! Nikatazama mgomba. Nikatazama viatu vyangu (kumbe kila mguu na chake). Patupu! Miaka sitini na nane, jamani. Miguu mizima, kichwa ndicho kinachechemea. Nikaropoka kosa la kwanza lililonijia.

"Nisamehe wifi, kwa kumchinja yule jogoo wako mwekundu. Nilidhani ni wangu."

Wifi akalishusha jani.

"Jogoo? Kumbe ni wewe?!"

Ng'ambo ya uzio mundu ukaanguka. "Mama Elia! Miaka mitatu unaniita mwizi kwa jogoo huyo huyo!"

Wifi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi nilitamani nimtangulie.

"Sasa kama si jogoo," nikauliza kwa sauti ndogo, "ulininunia kwa lipi?"

Akakunja uso. Akafikiri. Akafikiri tena. "Lilikuwa jambo kubwa," akasema. "Kubwa mno!" Akamgeukia Mzee Aminieli amsaidie kukumbuka. Mzee naye alikuwa anautafuta mundu, na ulikuwa miguuni pake.

Tukacheka mpaka wifi akashikilia nguzo. Jumamosi anakuja, na mbege anapika. Ila mzee naye anadai isale lake, kwa hiyo natoka tena sasa hivi.

Kama kuna yeyote humu anayelikumbuka lile kosa la kwanza, nakusihi sana: kaa nalo.