Kunguru Juu ya Transfoma

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi ya mawingu mazito, hakuna upepo.

Kunguru wameanza tena kujenga juu ya transfoma kubwa. Mkuu wa kituo chetu cha umeme katuita mimi na Koleo, fundi mwenzangu. Kasema umeme ukikatika tena kwa ajili ya ndege kabla ya wakaguzi kufika Ijumaa, atanivua usimamizi wa zamu amvike Koleo. Koleo akaitazama kofia yangu ya usimamizi kama mtu anayechagua nguo dukani. Akashauri tuombe umeme uzimwe kidogo, tukitoe kiota, basi. Mawazo ya mtu asiye na ubunifu. Mimi nina mpango. Ndege huogopa vitu vinavyong'aa.

Jumanne, 4 Machi. Jua kali.

Nimekata mabaki ya waya za alumini stoo, nikazisugua, nikazining'iniza uzio mzima. Kunguru walikaa mbali wakitazama kwa makini. Hofu hiyo. Koleo kaniuliza, dada, harusi ya nani hii? Nikamwambia ni yake, ila bibi harusi hajakubali.

Jumatano, 5 Machi. Shwari.

Uzio una mapengo. Nikamshuku Koleo. Nikajibanza nyuma ya pipa la mafuta nimvizie. Akaja kunguru. Akafungua fundo langu kwa mdomo, taratibu, bila wasiwasi, akaruka na waya hadi kwenye kiota. Kiota chote kinang'aa! Waya moja inaning'inia, imebakiza shubiri tu iguse penye umeme. Upepo ukivuma, kwisha habari yangu. Ningeomba wazime, lakini mkuu angeuliza waya zimetoka wapi.

Jioni mume wangu kauliza mbona sili. Nikamweleza. Akasema hata yeye akiletewa vifaa mpaka mlangoni atajenga. Nimemnunia.

Alhamisi, 6 Machi. Upepo.

Nilisimama uani tangu asubuhi, shingo juu. Waya inapepea, inarudi. Inapepea, inarudi. Koleo akaja na utani wake, akatazama nilikotazama, kicheko kikamkauka. Akasema, dada, piga simu wazime, sasa hivi. Nikamwambia upepo unapungua.

Mlipuko. Cheche, moshi, kisha mvumo wa transfoma ukakatika. Mashine za kusaga mtaani zikazima moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeumia. Kunguru wenyewe walikuwa uzioni, wanachagua waya.

Ijumaa, 7 Machi. Manyunyu.

Koleo ndiye msimamizi. Amri yake ya kwanza: nizitoe waya zangu zote uzioni, mkuu na wakaguzi wakinitazama. Nilizitoa moja moja, na hapo ndipo nikaona nilipokosea. Mafundo! Nilifunga legelege mno. Zile nzuri sikuzitupa, ziko chini ya kitanda, nimezisugua upya. Jumatatu nitawahi kazini kabla ya Koleo na kuzifunga mafundo mawili mawili.

Nalala sasa, saa nne na robo.