Dawa ya Miti Tisa na Karatasi ya Iringa

Jumatatu, tarehe 1 Agosti 1977. Mwanjelwa.

Mwalimu Tupokigwe wa kisomo cha watu wazima anasema mwanafunzi mzuri aandike kila siku yaliyomtokea. Mwanafunzi mzuri ni mimi, Nkuba. Wenzangu bado wako kwenye "baba analima". Mimi naandika mambo.

Jambo la leo ni wizi! Bushiri, yule mwenye kofia ya kufuma na ndevu za kuchongwa, ameweka meza ya dawa mbele ya meza yangu, pale pale langoni mwa soko. Chupa zake zina maji ya kahawia kama yangu. Nikaomba kuonja. Nikaonja. Miti Tisa! Dawa yangu niliyotoka nayo Usukuma nikiswaga ng'ombe hadi Usangu! Inayotibu tumbo, mgongo, usahaulifu na mkwe mkorofi! Yeye anaiita Miti Kumi. Kaongeza mti mmoja wa mdomoni.

Nikamwita mwizi. Akaniambia mzee Msukuma keti chini, presha hiyo, au nikuuzie dawa? Soko zima likacheka. Wanacheka nini?

Jailos, mwenyekiti wa soko, akaja na kalamu sikioni. Kasema tumemchosha. Kona ya langoni ni ya mtu mmoja. Mwenye dawa yake halali atabaki, mwizi atahamia nyuma ya dagaa. Nyuma ya dagaa! Kule wateja ni nzi.

Jumanne, tarehe 2.

Jailos kasikia kuna mtaalamu chuoni Iringa anayeweza kuipasua dawa na kuonyesha ndani yake mna nini. Twende wote watatu, kila mmoja na chupa yake. Nimekubali kwa sauti ya juu, wauza viazi wasikie.

Nyumbani nikamwambia mke wangu Mbuke apike dawa mpya, miti yote tisa, asisahau hata mzizi mmoja. Yeye ndiye anayekwenda porini tangu goti langu lilipogombana na milima ya huku. Mbuke akauliza, kwani watapima kweli? Nikasema kweli. Akauliza, Baba Regina, hamwezi kupatana tu? Nikamwambia wewe huna moyo wa vita. Akaingia jikoni kimya.

Mbuke kunyamaza! Ni hii baridi.

Alhamisi, tarehe 4. Iringa, nyumba ya wageni.

Leo naandika kwa penseli. Wino umekwisha. Nitaeleza umekwishaje, maana daftari hili hasomi mtu.

Njiani nilifikiri sana. Mtaalamu anatafuta kilichomo ndani. Basi kwa Bushiri akikuta uchafu? Ataaibika mpaka kofia.

Makambako basi likasimama. Jailos na Bushiri wakashuka kunywa chai. Jailos akasema mzee, tulindie kikapu cha chupa. Mimi ndiye nilinde! Mfukoni nilikuwa na wino mweusi wa kisomo. Chupa yangu imezibwa kwa gunzi, ya Bushiri kwa kitambaa. Nikazibua kitambaa. Nikamimina wino wote. Kahawia ya dawa ilikuwa imekoza tangu mwanzo, haikuonyesha kitu. Akili hiyo!

Bushiri akarudi kaniletea andazi la moto. Kasema mzee mwenzangu usikae na njaa kwa ajili ya ugomvi. Nikalila. Andazi halina kosa.

Ijumaa, tarehe 5.

Sijawahi kudharauliwa namna hii tangu nizaliwe.

Tulingoja Bushiri atoke msikitini, tukaenda chuoni. Nilitegemea mzee mwenye miwani. Akatoka binti! Severina jina lake, koti jeupe, ananiita babu. Nikauliza mtaalamu yuko wapi. Kasema ndiye huyu, babu.

Na mashine yake? Karatasi! Kakata vipande viwili, kachora mstari wa penseli chini ya kila kimoja, katia tone la dawa juu ya mstari. Kisha kavisimamisha kwenye mitungi ya kioo yenye spiriti kidogo chini. Spiriti inapanda karatasi yenyewe kama mafuta yanavyopanda utambi, inavuta vilivyomo kwenye dawa. Chepesi kinakwenda mbali, kizito kinachoka njiani. Kila kimoja kinakaa mahali pake.

Nikamwambia dawa ya mababu haipimwi kwa karatasi. Akacheka. Kasema Ulaya ndugu wa kazi hii ni bomba la kioo lililoshindiliwa unga maalumu. Wanapitisha humo maji ya chembe za mwili, wapate kumtenga mjumbe. Mjumbe gani? Eti ndani yetu mna kitu kidogo sana kinachobeba amri, kinaiambia chembe tengeneza hiki, tengeneza kile. Unga unamshika yeye, wengine wote wanapita. Wakijua kumtenga safi na kumsoma, kasema, huenda siku moja akawa dawa. Mwili utumwe ujitengenezee dawa wenyewe.

Nikamwambia binti, wajumbe nawajua. Wetu wa nyumba kumi ni Saulo. Hajawahi kuwa dawa ya mtu.

Tukangoja. Karatasi yangu ikapanda. Doa moja la kahawia. Moja! Nikasema iachwe, mengine manane yanakuja, yametoka mbali. Hayakuja. Nikasema karatasi ni mbovu, geuza. Kasema haigeuzwi, babu.

Halafu ya Bushiri. Mungu wangu! Bluu. Zambarau. Nyekundu. Juu kabisa manjano. Kama kanga ya sikukuu! Jailos akapiga makofi, kasema hiyo ndiyo miti! Bushiri mwenyewe mdomo wazi. Kisha akaufunga, akajishika ndevu, akasema ndiyo, hasa ule wa bluu, kuupata ni kazi.

Ule wa bluu! Nani angevumilia? Nikapiga kelele: si mti huo, ni wino!

Wote wakanigeukia.

Severina akaniuliza taratibu, babu umejuaje? Nikasema mtu aliyesoma anajua wino. Akasema ni kweli, ni wino, rangi zikipanda hivyo anazijua, huwafundishia wanafunzi wake kila mwaka. Jailos akaangalia kidole gumba changu, cheusi kwa wino. Nikakiweka mfukoni. Kimechelewa.

Bushiri hakugomba. Alisema tu, na andazi langu ukala.

Haikuisha hapo. Binti akainua karatasi mbili dirishani. Chini ya rangi za wino, kwenye ya Bushiri, lilikuwepo doa la kahawia. Kimo kile kile cha langu. Sura ile ile. Nikasema mnaona wizi! Akasema anaona dawa moja, babu, na kwa macho yake ni kama gome la mti mmoja tu.

Mti mmoja! Nikamtajia yote tisa kwa Kisukuma. Akaandika kwa heshima. Hakuamini hata mmoja.

Jumamosi, tarehe 6. Nyumbani.

Nimemweka Mbuke kikao. Nikasema eleza. Akaendelea kuchambua mchele. Kasema miti yangu tisa haioti kwenye baridi hii, ameitafuta tangu tulipohamia, akachoka. Anachemsha gome la mparachichi wa mjumbe Saulo.

Mparachichi!

Na Bushiri? Kasema Bushiri alikuja kuomba dawa ya Kisukuma, na sufuria hubaki nusu, na mimi mwenyewe nilimkataza kumwaga, basi humpa yeye. Nikauliza, na waliopona? Kasema Baba Regina, waliopona wamepona, unataka waugue tena?

Kila asubuhi nakunywa kijiko cha dawa ile kwa ajili ya goti. Leo goti limeuma mara mbili.

Jailos kaamua. Kona ya langoni kapewa Mwamvita, dada yake Bushiri, anayekaanga vitumbua. Kasema vitumbua kila mtu anajua mna nini ndani. Mimi na Bushiri tunahamia nyuma ya dagaa. Benchi moja! Bushiri kaleta mto wake wa kukalia. Hakuniletea.

Jumatatu, tarehe 8.

Nimetuliza akili. Nimegundua kosa liko wapi. Kosa ni kumpa Bushiri wino mzuri, badala ya kuutumia mwenyewe.

Walipiga makofi kwa doa la kahawia? Hapana. Kwa bluu! Basi kuanzia leo dawa yangu ni Miti Kumi na Mitano, Iliyopimwa Iringa. Karatasi ya kukaushia wino ninayo. Spiriti ya kuwashia jiko la presha Mbuke anayo, hajui kama ninayo mimi. Mteja akija, natia tone kutoka chupa ya maonyesho yenye wino, anajionea miti ikipanda. Chupa hiyo hanywi mtu, mimi si muuaji.

Mwalimu Tupokigwe aliuliza wino wangu umekwishaje upesi hivyo. Nikasema naandika sana. Akanisifu mbele ya darasa zima, akanipa chupa mbili, mweusi na mwekundu. Mwekundu! Bushiri hana habari.

Nimempa dereva wa basi la Iringa salamu kwa yule binti Severina. Aje na mitungi yake, anipime tena mbele ya soko lote. Safari hii atashangaa.