Leza na LED Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimejianika mwenyewe, na kamba nimefunga mwenyewe. Nawaandikia nikiwa nyuma ya nyumba, nimeketi kwenye ndoo, kwa sababu sebuleni hakuingiliki kwa sasa.

Kwa wasionijua: mimi ni Mluhya wa Kericho. Wazazi wangu walikuja huku kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, wakanunua kipande chao, nami nikaoa Chebet, binti wa watu wa Mulot, tukamzaa Faith. Tuna majani chai yetu, na wiki hii bonasi ya kiwanda imeingia. Bonasi ikiingia, kila nyumba huku huwa na kesi. Kesi yetu ilikuwa hivi: Chebet anataka mtamba wa maziwa. Mimi nataka projekta ya leza. (Bei zinalingana. Bonasi ni moja. Ndoa pia ni moja.)

Nimesoma habari za projekta kuliko nilivyosomea mtihani wa kidato cha nne. Zile za zamani zilikuwa na taa ndani, taa ikiungua unaanza kutafuta nyingine hadi unachoka. Siku hizi kuna zisizo na taa hiyo, za aina mbili. Kuna LED: ndogo, nyepesi, bei ya kuvumilika, lakini wataalamu wanasema mwanga wake ni hafifu. Halafu kuna leza! Picha inakata kama wembe, hata mchana unaona. Na wataalamu nawaamini, maana hata mimi nilikuwa nimeshajihesabu kuwa mmoja wao.

"Na tukitaka maziwa," Chebet akauliza, "tutakamua ukuta?"

"LED ndiyo ukuta, mama Faith. Leza ni sinema."

"Basi Mama akuje aone na macho yake. Akisema hiyo kitu inashinda ng'ombe, nunua. Akikataa, usiniambie kitu tena."

Nikakubali haraka mno. Mtu wa Mulot, kwa wafugaji, kuamua kati ya ng'ombe na projekta! Ni kama kumwomba paka aamue kesi ya samaki. Lakini nilikuwa na mpango. Ningemwonyesha video ya harusi yetu, ambamo yeye mwenyewe alicheza hadi mchungaji akasimama kumpisha. Nani atakataa mashine inayomwonyesha aking'aa ukuta mzima?

Asubuhi nikaenda mjini kwa Njoroge, rafiki yangu wa duka la vifaa vya umeme. "Beba zote mbili, boss," akasema. "Ile itakubamba ndio utalipia. Ingine unirudishie jioni, na isiwe na mkwaruzo." Nikazibeba kama mtoto mchanga na pacha wake.

Nyumbani nikazipanga juu ya kabati, nyuma ya viti. Leza kushoto, LED kulia. Nikaziunganisha na kompyuta moja ili zionyeshe video ile ile. Nikaziseti zijiwashe zenyewe umeme ukiingia, kisha nikavuta ekstensheni hadi mbele, karibu na ukuta, ambapo ningesimama nikifundisha. Swichi ya kushoto, leza. Swichi ya kulia, LED. Mtoto wa chekechea angeweza. Nikatoka kwenda steji ya matatu kumpokea mama mkwe.

Hakuja peke yake. Alikuja na wenzake wawili wa kikundi cha akina mama wa kanisa, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nikabeba mizigo yote. Sasa, kwetu mama mkwe hatazamwi-tazamwi ovyo. Unainamisha macho, unajibu kwa upole, unapita pembeni. Kwa hiyo niliingia sebuleni mwangu nikiangalia sakafu, kama niliyepoteza shilingi. Chebet alikuwa ameshafunga mapazia na kutundika blanketi dirishani. Giza tupu. Sikuangalia kabati. (Adabu, ndugu zangu. Ni adabu iliyonimaliza.)

Wageni wakaketi wakitazama ukuta. Mimi nikasimama mbele, nikakohoa kama diwani.

"Mama, naanza na ile ya bei rahisi, ili muone tofauti. Hii ni LED."

Nikabonyeza swichi ya kulia. Ukutani kukatokea kitu. Siwezi kukiita picha. Kilikuwa kama ukungu wa asubuhi juu ya majani chai, na vivuli vinaogelea ndani yake.

"Hapo ni wapi?" akauliza mama mkwe.

"Ni kwenye harusi yetu, Mama."

"Na huyo mnene ni nani?"

"Hiyo ni hema, Mama."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha! Nikatoa hotuba. Nikasema mnaona sasa, hii ndiyo LED, watu wanaibiwa mchana kweupe. Nikasema mashine ya namna hii hata kuku hawezi kuangalia. Nikasema mtu akininunulia hii, nitaitumia kuzuia mlango. Wale akina mama wawili wakatikisa vichwa kwa huruma. Chebet alikuwa kwenye kona, ameinamisha kichwa. Nilidhani anaomboleza mtamba wake.

"Na sasa," nikasema, "leza!"

Nikazima kulia, nikawasha kushoto. Weh! Picha ikaja safi, rangi tele. Mama mkwe huyo katikati ya uwanja, gauni la kijani, mikono juu.

"Ai! Si ni mimi!"

"Ni wewe, Mama!"

Wenzake wakapiga makofi. Mmoja akaanza kuimba. Mimi nikapandisha sauti: oneni rangi! Oneni nyuso! Hivi ndivyo leza ilivyo, hailinganishwi na takataka ile nyingine! Nikamwona mama mkwe anatabasamu, nikajua mtamba amekufa kabla ya kuzaliwa.

"Baba Faith," akasema, "hii ni nzuri. Hebu niione hiyo mashine."

Hayo ndiyo niliyotaka. Nikawasha taa ya sebule, nikakimbia hadi kwenye kabati upande wa kushoto, nikainyakua mashine na kuiinua juu kama kombe.

Ilikuwa nyepesi sana.

Ilikuwa LED.

Nikageuka polepole. Upande wa kulia, leza yangu ilikuwa imekaa kwa heshima zote, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha wageni wakubwa, maua yakining'inia mbele ya jicho lake lote.

"Chebet," nikasema, "hii ni nini?"

"Si nilipanguza kabati. Nikazirudisha, nikachomeka. Hiyo kubwa ndio ya maana, ndio maana nikaifunika. Si kila kitu ya maana hapa inafunikwa?"

Ni kweli. Redio imefunikwa. Friji imefunikwa. Hata jagi lina kitambaa chake. (Kama alifanya makusudi, bado hajakiri, na mimi sithubutu kuuliza.)

"Kwa hivyo," mama mkwe akasema taratibu, "hii ya bei rahisi ndiyo hailinganishwi?"

"Hapana, Mama... yaani..."

"Na ile ya bei ya ng'ombe mzima ndiyo ya kuzuia mlango?"

Wenzake wakacheka hadi mmoja akavua miwani kufuta machozi. Nikaona aibu hadi kwenye visigino. Mtu mwenye akili angeishia hapo, akaomba chai, akanyamaza. Mimi nikaomba mechi ya marudiano.

"Mama, dakika moja tu! Acha nitoe kitambaa!"

Nikakitoa. Nikazima taa. Nikawasha leza.

Ndugu zangu, wataalamu hawakudanganya. Ukuta ulifunguka. Nyuzi za gauni zilionekana moja moja. Jasho kwenye paji la mama mkwe lilionekana. Nikapagawa, nikasahau niko wapi na ni nani amekaa nyuma yangu. Kwenye video, mama mkwe akainua mkono wa kulia akizunguka, na chini ya kwapa kukaonekana kikaratasi kinabembea.

"Oneni!" nikapiga kelele, kidole ukutani. "Oneni leza! Hata lebo ya duka inasomeka! Imeandikwa... ofa... nusu bei!"

Nyuma yangu kiti kikalia.

Niliposikia mlio ule ndipo nilipokumbuka. Gauni lile, miaka yote hii, kikundi kizima cha kanisa kinajua lilishonwa na fundi wa Nairobi, kwa vipimo, kwa ajili ya siku hiyo tu.

"Nusu bei," mmoja wa wenzake akarudia, polepole, kama anayeonja chumvi.

"Mama Chebet," akasema yule mwingine, "si ulituambia fundi?"

Chebet akazima swichi. Kwenye giza nikasikia sauti ya mama mkwe, tulivu kabisa, na nafuu angepiga kelele.

"Chebet. Nunua ng'ombe."

"Ndiyo, Mama."

"Na hiyo ndogo nitaibeba mimi. Inaona vizuri, lakini haina umbea."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Leza inarudi kwa Njoroge jioni hii. LED inaenda Mulot, bonasi ikishindwa kuilipia nitaongezea mimi mwenyewe, na sikuulizwa. Mtamba anafika wiki ijayo, na mimi naanza kujenga zizi kesho. Aliye na mbao anitafute, aliye na kicheko abaki nacho.