Mkaguzi Asiyekunywa Chai

Mheshimiwa Waziri wa Ustawi wa Watoto,

Kwa heshima zote, na roho ikiwa juu, nakuandikia mimi meneja wa kituo cha kulelea watoto. Miaka yote tulikaguliwa na shemeji yangu, mtu wa watu. Alikaa ofisini, akanywa chai, akaniuliza kama watoto hawajambo, nikamjibu hawajambo. Sasa mmetuletea mkaguzi huru, mama mmoja ambaye watoto wameshambandika jina la Bibi Tochi kwa sababu humulika hadi mvunguni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Haji kwa taarifa. Magodoro yetu mapya hukaa stoo ndani ya nailoni, na kuyatandika kwa ajili ya wageni ni kazi ya asubuhi nzima. Yeye alitukuta na mikeka. Huo ni ustaarabu gani?

2. Alikataa chai.

3. Anazungumza na watoto. Tunaye mtoto maalumu wa kujibu wageni, mwenye nidhamu na meno mazuri. Mama huyu alimpita, akachuchumaa mbele ya kitoto kilichonyamaza pembeni, akakisikiliza mpaka kikamaliza. Shemeji hakuwahi kusikia lalamiko hata moja, kwa hiyo ni dhahiri malalamiko amekuja nayo yeye.

4. Aliamuru kabati la midoli lifunguliwe. Watoto walikuwa wameridhika kabisa kuitazama kupitia kioo. Sasa dubu hana sikio, na hakuna anayewajibika.

Naomba mkaguzi huru aendelee kuwa huru, ila awe chini yangu. Ikishindikana, tujikague wenyewe. Tumeshajaribu: nilijiuliza maswali magumu, nikajijibu bila kigugumizi, nikajipongeza. Tena nimeisoma ripoti yake kwa makini, na kasoro zote zinatokana na watoto. Bila wao kituo hiki kingekuwa cha mfano.

Nisalimie katibu wako, dereva na walinzi wa getini. Shemeji yuko hapa ofisini, naye anakusalimu sana.

Wako mtiifu katika malezi,
Meneja wa Kituo

Nyongeza: Jana mahakama ilimpeleka mjukuu wangu kwenye kituo cha mji wa pili, mpaka wazazi wake wamalize kesi yao. Meneja wa kule nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Mheshimiwa, sikulala. Nakusihi umtume Bibi Tochi huko leo hii, na usiwape taarifa.