Ndege Yangu ya Tabora Mpaka Bama

Jumapili, 1 Julai 1951
Siku mbaya! Nimefika kilabuni kwa Mama Klara, nakuta Marselino kakalia kigoda changu. Kile cha kando ya chungu, cha msema hadithi bora, anayeonja pombe kabla ya wote. Miaka yote ni changu! Marselino mwenyewe mpishi tu wa mzungu wa mgodini. Eti mzungu kampakia kwenye ndege, Mwanza mpaka Nairobi, saa mbili tu. Nikauliza saa mbili ya asubuhi au ya usiku. Hakuna aliyecheka. Wamemtumbulia macho kama ndama.

Jumatatu, 2 Julai
Nimewaambia mimi nilipanda ndege vitani. Tabora mpaka Bama, ng'ambo ya bahari kwa Wajapani! Ukweli, vita yote nilimenya viazi Tabora, na kuandika nilijifunza hukohuko jikoni. Lakini hapa nani anajua? Ngassa mchunga ng'ombe akauliza nilikaa angani muda gani. Marselino saa mbili, mimi nipungukiwe? Nikasema siku nne, bila kutua. Mama Klara akaniuliza kama tulikuwa tunaisukuma. Wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Ya kwangu.

Jumatano, 4 Julai
Nimepata dawa. Kumbe sifa ya ndege ni mbio! Nimesema juzi nilikosea kuhesabu. Ugoro nilivutia Tabora, chafya nikaipigia Bama. Nikajua nimewamaliza. Ndipo Ngassa akasema ah, kumbe Bama ni hapo tu, kwa shangazi yake Masumbwe ni mbali zaidi, kesho twende tukanunue chumvi. Mayu wane, mama yangu! Ukirefusha safari, ndege inakuwa kobe. Ukifupisha, Bama inahamia hapa jirani Geita.

Ijumaa, 6 Julai
Leo Marselino kajifanya mwema. Shikamoo mzee, nikamjibu marahaba ya nusu mdomo. Akasema ndege inakunywa petroli kama lori, lazima itue, sasa yetu ya vitani ilitua wapi? Mtego! Nikajibu haraka jina lililonijia, Kishapu, hapo tu karibu na Shinyanga. Mama Klara akauliza na baada ya Kishapu? Nikasema Bama. Sasa kilabu kizima kinaniita Bwana Kishapu. Marselino kacheka kwa adabu, kiganja mdomoni. Heri angenitukana!

Jumapili, 8 Julai
Marselino kanyang'anywa kigoda! Nikafurahi, lakini kidogo tu. Hadithi yake imeisha utamu: alikaa, akapewa chai, akashuka. Kigoda kapewa Ngassa. Ngassa! Kasimulia alivyoswaga ng'ombe kwa miguu, Shinyanga mpaka Mwanza, mvua, fisi, ndama kambeba mabegani. Mama Klara kalia machozi ya kweli, kamwongezea kata ya pili ya pombe.
Kumbe watu wanataka miguu! Wiki nzima nimehangaika na mabawa bure.
Kesho nawaambia ukweli: Bama nilikwenda kwa miguu. Wakiuliza bahari nilivukaje, nitasema ilikuwa kiangazi.